Sukari ya Kondo na Ukali wa Brusela: Uhakiki wa Hoja ya Erithritoli kwa Kurejelea Mifugo ya Musoma, Bunda na Butiama

Katika maandishi mengi yahusuyo ugonjwa wa kutupa mimba, uhusiano wa sukari na ukali wa bakteria wa Brusela huelezwa kwa sentensi moja: kondo la ng'ombe lina erithritoli, Brusela huipendelea erithritoli, kwa hiyo ng'ombe hutupa mimba. Sentensi hiyo inafundishika kwa urahisi, na sehemu zake mbili za mwanzo ni za kweli. Uhakiki huu unadai kwamba hitimisho lake limebebeshwa mzigo usio wake. Erithritoli inaeleza mahali bakteria wanapojaa. Haielezi kwa nini ni wakali. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kwa mfugaji wa Musoma Vijijini, Bunda au Butiama, ambaye ng'ombe, mbuzi na watoto wake wanaishi ndani ya ua mmoja, ndiyo inayoamua nani ahesabiwe kuwa yuko hatarini.

Hoja yenyewe ilizaliwa Porton, Uingereza, katika kundi la watafiti la Harry Smith. Mwaka 1962 kundi hilo lilionesha kwamba majimaji ya kijusi cha ng'ombe yana erithritoli, na kwamba kemikali hiyo huchochea ukuaji wa Brusela hata ndani ya seli za ng'ombe zinazomeza vimelea. Mwaka 1965 Keppie na wenzake waliongeza ushahidi wa ulinganishi: erithritoli ilipatikana katika kondo la ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, lakini si la binadamu, panya, sungura wala pimbi wa maabara. Vichwa vya makala mbili za 1962 vinastahili kusomwa kwa makini. Kimoja kinataja msingi wa kikemikali wa ukali wa Brusela. Kingine, cha makala iliyotoka katika jarida la Nature, kina tahadhari zaidi: kinaitaja erithritoli kuwa sababu mojawapo ya bakteria kujikita mahali fulani mwilini. Kwa maoni yangu kichwa cha pili ndicho kinacholingana na ushahidi uliokuwapo. Waliofuata wakakumbuka cha kwanza.

Kipimo kizuri cha hoja hii ni chanjo ya S19, itokanayo na bakteria waliopatikana katika maziwa ya ng'ombe mwaka 1923, wakasahauliwa mezani kwa zaidi ya mwaka, na baadaye kugundulika kwamba ukali wao umepungua. Bakteria hao wamepoteza kipande cha jeni chenye takriban jozi-besi 700 katika eneo la jeni za ery, na erithritoli huwazuia kukua badala ya kuwalisha. Ilikuwa rahisi kukata shauri: hawali sukari ya kondo, ndiyo maana ni wapole. Sangari na wenzake (1998) waliichunguza dhana hiyo kwa panya wa maabara wakahitimisha kwamba kasoro ya erithritoli haihusiani na upungufu wa ukali. Jaribio hilo nalo lina mpaka wake, kwani panya ni miongoni mwa wanyama ambao Keppie hakuikuta erithritoli katika kondo lao; haliwezi peke yake kusema lolote juu ya ng'ombe mwenye mimba. Lakini uzoefu wa mifugo unajazia pengo hilo. Ng'ombe mwenye mimba akichanjwa S19 anaweza kutupa mimba, na hii ni sababu mojawapo ya chanjo hiyo kupewa ndama jike. Bakteria wanaozuiwa na erithritoli wamefika kondoni na kuleta madhara yaleyale.

Basi ukali unatoka wapi? Brusela hawana sumu za kawaida zinazotajwa kwa bakteria wengine. Silaha yao ni kuishi ndani ya seli. Wakishamezwa na makrofagi, hutumia mfumo wa VirB kuingiza protini zao katika seli hiyo, na kifuko kilichowabeba huelekezwa mahali wanapoweza kuzaliana badala ya mahali pa kuuawa. Hatua hiyo haihitaji erithritoli. Sukari huingia baadaye, na huingia kwa njia tofauti kadiri ya wakati. Xavier na wenzake (2013) walionesha kwamba maambukizi ya panya yanapokuwa sugu, Brusela hukaa katika makrofagi ambazo umetaboli wake umebadilika na kuacha glukosi nyingi. Bakteria walionyimwa jeni ya kuingiza glukosi walishindwa kudumu katika hatua hiyo, lakini hawakudhoofika katika hatua ya mwanzo. Kuingia na kudumu ni mambo mawili. Kujaa kondoni ni jambo la tatu, na hapo ndipo erithritoli inapostahili heshima yake: Barbier na wenzake (2014) walifuatilia mabadiliko yake hadi erithrosi-4-fosfati, inayoingia katika mkondo wa pentosi fosfati. Kwa Brusela, ambao kwa kawaida hawaitumii njia kuu ya kuvunja glukosi kama viumbe wengine wafanyavyo, huo ni mlango wa nishati na wa malighafi pia.

Bakteria wengine wa ndani ya seli wanaonya dhidi ya kanuni moja kwa wote. Listeria huchukua sukari zenye fosfati kutoka katika seli, lakini sukari nyingine, kama selobiosi, hunyamazisha jeni zake za ukali. Bakteria wa kifua kikuu hutegemea zaidi mafuta na kolesteroli.

Kwa Mara, ushahidi ulio dhahiri zaidi dhidi ya sentensi ile ya kwanza uko magotini. Katika zebu wa Afrika, uvimbe wa magoti uliojaa maji ni dalili inayojulikana ya Brusela wa muda mrefu, na hutokea hata kwa ng'ombe asiye na mimba. Hakuna aliyedai kwamba goti ni ghala la sukari ya kondo. Mfugaji anayefundishwa kuutazama ugonjwa huu kupitia mimba iliyotupwa pekee atamuuza au kumwazima jirani dume mwenye goti lililovimba bila shaka yoyote. Bunda inaongeza ugumu mwingine. Wilaya hiyo inapakana na Serengeti, ambako Sachs na Staak walitoa ushahidi wa Brusela kwa wanyama jamii ya swala tangu 1966. Orodha ya Keppie ilikuwa ya mifugo na wanyama wa maabara. Haina nyati wala nyamera. Kuihamishia mbugani kwa kudhania tu si sayansi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika zahanati, mtu akiambiwa "una sukari" anaelewa kisukari. Erithritoli, kikemia, ni alkoholi ya sukari, na tafsiri hiyo ikitolewa kavukavu msikilizaji atafika kwenye gongo kabla ya kufika kwenye kondo. Napendekeza jina erithritoli libaki na liambatane na maelezo ya kazi yake. Neno "ukali", kwa upande mwingine, linafaa kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa mkali ni mkali kwa mgeni, si kwa mwenye nyumba. Kiswahili tayari kinaufahamu ukali kuwa ni uhusiano kati ya wawili. Hoja ya Porton, ilivyokumbukwa, imeuweka uhusiano huo wote ndani ya kemikali moja.

Madhara ya kumbukumbu hiyo yanaonekana zaidi kwa wanawake. Kutoka katika orodha ya 1965 lilijengwa wazo kwamba, kwa kuwa kondo la binadamu halina erithritoli, mimba ya mwanamke haitishwi sana na Brusela. Khan na wenzake (2001), nchini Saudia, walifuatilia wajawazito 92 wenye Brusela kali: asilimia 43 mimba zao ziliharibika katika miezi mitatu ya kwanza au ya pili. Salcedo na wenzake (2013) walionesha Brusela wakizaliana ndani ya seli za trofoblasti za binadamu. Mwanamke wa Butiama anayemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, akaondoa kondo na kulitupia mbwa, kisha akachemsha chai kwa maziwa lakini akamwachia mtoto mgando wa maziwa mabichi, amekutana na bakteria hao mara tatu kwa siku moja. Ikiwa naye ni mjamzito, swali la kumuuliza kliniki ni kama kuna mnyama aliyetupa mimba au mwenye goti lililovimba nyumbani kwake.