Samadi ya Ihumwa si makapi ya Hale

Karibu miaka ishirini iliyopita, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa bayogesi kwenye shamba la mkonge la Hale, mkoani Tanga. Ulianza na jenereta ya kilowati 150. Umeme huo ni kidogo. Cha kujifunza kipo kwenye hesabu yake ya kaboni.

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi, singa kavu zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yanayosalia ni maji na makapi mabichi, yaliyozoeleka kumwagwa na kurundikwa. Ndani ya lundo bichi hewa haifiki, na bakteria wasiohitaji oksijeni hutoa methani. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya gesi hiyo huipasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa. Hale waliwafungia bakteria haohao ndani ya tangi, gesi ikaendesha jenereta. Methani ikiungua hurudisha angani hewa ukaa ambayo mkonge ulikwisha kuivuta. Kwa hiyo umeme umepatikana, na methani ambayo ingepanda haikupanda. Hesabu ikaangukia upande wa hasi.

Wengi wanataka kuibeba hesabu hiyo nzima nzima hadi Ihumwa, Dodoma, kwa kuwa Ugogo ni nchi ya ng'ombe. Hapo ndipo nasita. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na mwezi Agosti samadi ya zizini ukiikanyaga inavunjika kama biskuti. Iliyokauka hivyo hutoa methani kidogo mno. Ukiizoa ingali mbichi, ukaikoroga na maji nusu kwa nusu (na maji yenyewe ya kutafuta), ukaimimina kwenye mtambo wa kuba wa CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya vijijini, umezalisha methani ambayo isingekuwapo. Ikiungua jikoni, vema. Ikivuja, kila meta moja ya ujazo ya bayogesi inabeba gramu 400 hivi za methani, madhara ya kilo 11 za hewa ukaa. Ndiyo maana kwa fundi swali langu la kwanza ni nyufa za kuba na mpira wa jiko. Idadi ya ng'ombe baadaye.

Faida ya mtambo wa nyumbani ipo, ila inatoka kwingine. Meta hiyohiyo ikipikiwa huokoa takriban kilo moja na nusu ya mkaa, na bokoshi, tope linalobaki mtamboni, hurutubisha mizabibu. Huko ni kupunguza uchafuzi, jambo la maana sana kwa mapori ya Dodoma. Kusema hesabu yake ni hasi ni kujipa alama za bure.

Hasi ya aina ya Hale tuitafute kwenye taka mbichi: makombo ya migahawa ya Mji wa Serikali Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa, na matumbo na damu za machinjioni. Zikifukiwa dampo la Chidaya zinaoza bila hewa, sawasawa na lundo la mkonge. Lakini makombo yaliyokwisha kuchanganywa na plastiki na chupa hayamfai mwenye tangi. Jiji la Dodoma lianze na ndoo mbili katika kila jiko la Mtumba, kabla halijatafuta mfadhili wa mtambo.