Mali na Daftari: Kuusoma Ukoo wa Penn

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyosema wahenga, nasi tumezoea kumwambia maneno hayo mwenye duka asiyeandika madeni. Lakini methali hii ina upande mwingine ambao hausemwi. Mali yenye daftari haipotei, sawa. Je, habari zake zote huwamo? Swali hilo limenishughulisha tangu nilipoanza kusoma habari za ukoo wa William Penn kupitia hati za zamani, na ningependa kulieleza hapa kwa wale wanaodhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba ukoo ukishaandikwa umeshajulikana.

William Penn alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1644. Mwaka 1667 alijiunga na Chama cha Marafiki, watu waitwao pia Wakwekeri. Baba yake alikuwa jemadari wa majini, na mfalme Charles wa Pili alikuwa na deni la pauni 16,000 kwa familia hiyo. Mwaka 1681 mfalme alimlipa mwana, si kwa fedha bali kwa ardhi ya Marekani, nayo ikaitwa Pennsylvania, yaani misitu ya Penn, kwa heshima ya yule jemadari. Kwa hati moja Mkwekeri akawa mmoja wa wenye ardhi wakubwa kabisa wa zama zake. Wakwekeri si wageni kwetu. Wamisionari wao waliingia Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye Wakwekeri wengi kama Kenya. Mimi ni mtu wa upande huo, nami nimekua nikilisikia jina la Penn likitajwa kwa wema. Ndiyo sababu nilitaka kuona hati zinasemaje.

Hapana budi kukiri kwamba Wakwekeri walijua kuandika kumbukumbu. Hawakuwa na mapadre wa kuwafungisha ndoa wala hawakukubali kula kiapo mahakamani. Ndiyo yao ilipaswa kuwa ndiyo. Kwa hiyo walitegemea kalamu. Mkutano wa kila mwezi ulikuwa na karani, na karani aliandika waliozaliwa, waliozikwa, waliooana, na waliohama wakapewa barua ya kutambulishwa huko waendako. Siku ya ndoa, watu wote waliohudhuria walitia sahihi kwenye cheti. Hata miezi waliihesabu kama sisi: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, kwa kuwa hawakutaka kutaja majina ya miungu ya Kirumi. Hapo msomaji Mswahili ajihadhari. Kabla ya mwaka 1752 mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Penn alifariki tarehe 30 Julai 1718, na kwa hesabu yao huo ulikuwa mwezi wa tano.

Kazi maarufu kuliko zote za kukusanya kumbukumbu hizo ni ensaiklopidia ya nasaba za Wakwekeri wa Marekani iliyoanzishwa na William Wade Hinshaw, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa opera. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1936. Ni kazi ya subira isiyo kifani, na anayetafuta babu wa babu yake hawezi kuikwepa. Kila maisha yamefupishwa kwa herufi chache: huyu alihama, huyu alioa nje ya ushirika, huyu alitolewa. Hata hivyo nina kasoro moja ya kuitaja, nayo si ya Hinshaw peke yake, kwani aliirithi kutoka kwa makarani. Daftari la mkutano ni daftari la wanachama. Aliyelima shamba la mwanachama, aliyempikia, aliyelea watoto wake, akiwa si mwanachama, hana mstari. Ukiusoma ukurasa bila kukumbuka jambo hili utadhani kwamba ukoo wa mwenye shamba uliishi peke yake mashambani, ukajilimia na kujivunia wenyewe.

Sasa tuyaweke kando madaftari ya mkutano, tuchukue barua na wosia. Mwishoni mwa mwaka 1684, miaka miwili tu baada ya Penn kufika, meli iitwayo Isabella ilitia nanga Philadelphia ikiwa na Waafrika wapatao 150, na walowezi wakawanunua. Mwaka uliofuata Penn, akiwa Uingereza, alimwandikia msimamizi wa shamba lake la Pennsbury kwamba ni afadhali watumishi wawe watu weusi, kwa sababu hao mtu huwa nao maisha yao yote. Katika hati za shamba hilo tunakutana na majina ya watumwa: Sam, Sue, Yaff. Majina ya ukoo hayapo. Kisha, mwaka 1701, akijiandaa kuondoka Marekani kwa mara ya pili na ya mwisho, Penn aliandika wosia uliowaachia huru watu wake weusi, na kumpa mzee Sam ekari 100 ziwe za watoto wake baada yake na mkewe kufa.

Maneno hayo yanamsisimua kila ayasomaye. Kwa mara ya kwanza Sam ana mke, ana watoto, ana kesho. Lakini wosia wa mwisho wa Penn, ule uliotumika kugawa mali yake, hauna maneno hayo. Ekari 100 za Sam hazimo. Mwandishi wa nasaba hatazami wosia uliobatilika, kwa kuwa haumwonyeshi nani alirithi nini. Mimi nasema wosia huo uliobatilika ndio wenye habari. Unatuonyesha kwamba Penn alijua haki ni nini, akaiandika kwa mkono wake, na kisha mali ikagawiwa kana kwamba hakuwahi kuiandika.

Kuna hati nyingine ambayo kila mchunguzi wa ukoo huu angepaswa kuisoma polepole. Penn alikuwa na wakala wa fedha, Philip Ford, Mkwekeri mwenzake. Ford alimletea karatasi baada ya karatasi, na Penn, kwa haraka na kwa kumwamini ndugu wa imani, alitia sahihi bila kusoma. Karatasi hizo zilimfanya Ford kuwa mwenye Pennsylvania, na Penn mpangaji wake. Ford alipofariki mwaka 1702, mjane wake na wanawe wakadai, na mwaka 1708 Penn alifungwa London kwa ajili ya deni. Kilichomwokoa ni kwamba sheria ya Uingereza ilikuwa tayari kutazama nyuma ya karatasi. Iliyoonekana kuwa hati ya mauzo ilichukuliwa kuwa rehani, na rehani hukombolewa. Shauri likamalizwa kwa malipo ya pauni 7,600, jimbo likabaki kwa ukoo wa Penn.

Mtu angetarajia kwamba wana wa baba aliyeponea chupuchupu kwa karatasi wangeogopa kuwafanyia wengine vivyo hivyo. Haikuwa hivyo. Jimbo liliwaangukia watoto wa mke wa pili, Hannah, nao ni John, Thomas na Richard. Walikuwa na madeni, na njia ya kuyalipa ilikuwa kuuza ardhi waliyokuwa wakiishi Walenape, wenyeji wa bonde la mto Delaware. Katika miaka ya 1730 wakatoa nakala ya mapatano yaliyosemwa kuwa ya mwaka 1686, ya ardhi yenye kina cha mwendo wa mtu wa siku moja na nusu. Nakala hiyo haikuwa na sahihi wala mihuri, na palikuwa na nafasi tupu ndani yake. Mwaka 1737 wazee wa Walenape wakashawishika kuithibitisha. Mwezi Septemba watu watatu waliochaguliwa kwa wepesi wa miguu waliachiliwa katika njia iliyokwisha kusafishwa. Mmoja tu, Edward Marshall, alimaliza, akiwa amefika kiasi cha maili 65. Kutoka hapo wapimaji wakapiga mstari wa pembeni kwa namna iliyowapa wana wa Penn ekari laki kadhaa. Walenape waliolalamika waliamriwa kuondoka.

Weka hati hizi mbili pamoja, msomaji, uone. Baba alitia sahihi karatasi asiyoisoma, na mahakama ikauliza alikusudia nini. Walenape walithibitisha karatasi ambayo hawakuweza kuisoma, na hakuna aliyewauliza walielewa nini. Wazao wao walipofikisha madai mahakamani Marekani, mahakama ya rufani ilijibu mwaka 2006 kwamba, hata kama ulaghai ulikuwapo, jambo hilo haliwezi kuamuliwa na mahakama. Thomas Penn mwenyewe aliwaacha Wakwekeri akaingia kanisa la Kianglikana. Hilo nalo huandikwa katika nasaba, kama kwamba ndilo badiliko kubwa la ukoo.

Nimeambiwa na rafiki kwamba ninawaonea Wakwekeri, kwani bila madaftari yao nisingepata hata la kuwashtakia. Neno lake ni la kweli. Waraka wa kupinga utumwa ulioandikwa na watu wanne wa Germantown mwaka 1688 ulipelekwa kutoka mkutano hadi mkutano bila kutendewa kazi, lakini haukuchanwa. Mwaka 1776, miaka 88 baadaye, mkutano wao mkuu wa Philadelphia uliamua kuwatoa wanachama wanaoshikilia watumwa. Makarani wakalazimika kuandika hati za kuwaachia watu huru, na hapo majina ya watu weusi yakaingia kwa wingi katika madaftari. Kwa hiyo daftari laweza kupanuka. Lilipanuka pale walioliandika walipoulizwa juu ya watu wasiokuwamo.

Jambo hili si la Marekani tu. Kwetu mashamba yalianza kupimwa na kuandikishwa kwa wingi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na kwa kawaida hati ilipewa jina la mwanamume mmoja. Hati ya shamba la ukoo wetu ina jina la babu. Bibi zetu wawili waliolilima miaka arobaini hawamo, wala shangazi aliyerudi na watoto wake akajenga kando ya mto. Leo wajukuu wanataka kugawana, na kila anayesimama kusema huanza kwa kuinyosha ile hati mezani.

Kwa watu hao nina ushauri niliojifunza kwa wana wa Penn. Hati ya ardhi iliandikwa ili ifanye kazi ya mwenye mali, na kazi hiyo huifanya vizuri. Isomeni, lakini ulizeni nani aliihitaji, nani hakuweza kuisoma siku ilipotiwa sahihi, na ahadi gani ilitolewa kabla yake ikaachwa nje. Shangazi bado yu hai, na anakumbuka babu alimwambia nini. Muulizeni, na mwandike jibu lake, kabla mpimaji hajaja.