Urithi wa Nani? Istilahi za Damu Zikifika Palma

Mwanafunzi wa benki ya damu hufundishwa mambo mawili ya msingi kabla ya kukabidhiwa mfuko wa damu: jinsi mwili unavyojikinga, na jinsi mtoto anavyopata maumbile ya wazazi wake. Kwa Kiswahili istilahi zipo: kingamwili, antijeni, jeni, chembe za urithi. Walimu wa lugha tumezoea kuzisifu kwamba zipo. Katika makala haya tunakusudia kuuliza zinamwambia nini msikilizaji, na mahali tulipochagua kuzipimia ni Palma, mji wa pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji.

Palma inafaa kwa sababu Kireno ndiyo lugha ya ofisi na hospitali, ilhali nyumbani husikika Kimakwe, Kimakonde na Kimwani, na Kiswahili huwaunganisha wengi. Malaria iko huko, na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria huenda akahitaji kuongezewa. Sehemu kubwa ya damu nchini Msumbiji hutolewa na jamaa wa wagonjwa. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara aliyesoma kwa Kireno hujikuta akiwaeleza jamaa hao kwa Kiswahili.

Neno linalotutia shaka zaidi ni urithi. Katika Kiswahili cha kila siku, kurithi huanza na kifo: mmoja hufariki, mwingine huchukua. Isitoshe, kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana uzito wake. Kwa Waislamu wa pwani mirathi ina mafungu, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya dada yake. Jeni za damu hazifuati utaratibu wowote kati ya hizo. Baba na mama, wakiwa hai, kila mmoja humpa mtoto nakala moja, awe wa kike au wa kiume.

Tuchukue baba wa kundi A na mama wa kundi B, ambao kila mmoja amebeba pia jeni ya O isiyoonekana. Wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa kundi O. Katika kila mimba uwezekano ni mmoja kati ya minne. Lakini jamaa walioambiwa kwamba mtoto hurithi damu ya wazazi watauliza hiyo O imetoka kwa nani, na tunajua kidole kitaelekezwa kwa nani. Mwanamke anaweza kuachwa kwa sababu ya kitenzi kimoja. Hapo tungependelea mwalimu aseme wazi, "kila mzazi humpa mtoto nakala moja," na jeni ya O aiite jeni fiche. Fiche ni neno zuri: kitu kipo, ila kimejificha. Dhaifu tungeliacha, maana hakuna mzazi atakayefurahi kuambiwa amempa mwanawe udhaifu.

Kingamwili nayo ina mtego wake. Kinga ni jambo jema, na kwa somo la chanjo neno linatosha. Katika benki ya damu, hata hivyo, kingamwili hizohizo ndizo zinazoweza kuua. Mtu mzima wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B ingawa hajawahi kuongezewa damu maishani mwake. Akitiwa damu ya kundi A, chembe nyekundu alizopewa huvunjwavunjwa, figo zinaweza kushindwa kazi, na anaweza kufa. Hatupendekezi neno jipya, hili limekwisha kuzoeleka. Tunachodai ni mfano wa kulisindikiza: askari wa zamu anayempiga kila asiyemtambua, hata mgeni aliyealikwa na mwenye nyumba.

Kuhusu Rh chanya na Rh hasi tutasema machache. Maabara ileile hutoa majibu ya virusi vya UKIMWI, na mgonjwa akisikia "chanya" moyo humruka. Kinachopimwa ni kama antijeni D ipo au haipo. Basi tuseme ipo, au haipo.

Istilahi tunayoipongeza bila kinyongo ni kundi la damu. Kundi si ukoo. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na makundi tofauti, na mtu baki akafaa kumtolea mgonjwa. Baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021 watu wa Palma walitawanyika, wengine Quitunda, wengine Pemba, na jamaa wakapotezana. Mgonjwa wa namna hiyo hana ndugu wa kumwita kando ya kitanda. Akiuliza damu iliyo mfukoni ni ya nani, mtaalamu anaweza kumjibu kwa Kiswahili sahihi kwamba ni ya mtu wa kundi lake.