Utamaduni si Dibaji: Kumfundisha Utengano Mwanafunzi wa Lugha ya Pili

Mwalimu mwenzangu, katika madarasa mengi ya Nyeri, Kisii au Bungoma, wanafunzi walio mbele yako wanakitumia Kiswahili kama lugha ya pili, na wengine kama lugha ya tatu. Wanakizungumza sokoni na uwanjani bila shida. Hata hivyo, wanapofungua riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, ambayo iliwahi kutahiniwa katika KCSE, wanaingia nyumba ambayo maneno yake wanayajua ilhali desturi zake ni ngeni kwao. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo halizibiki kwa kipindi kimoja cha utangulizi kuhusu "mila za Waswahili". Utamaduni hauna budi kufundishwa pale pale neno linapojitokeza.

Dell Hymes (1972) alieleza kwamba umilisi wa mawasiliano ni zaidi ya kujua sarufi. Mzungumzaji ajue pia nani anamwambia nani, lini, wapi na kwa namna gani. Sisi tunalifundisha wazo hili katika isimujamii kwa ajili ya karatasi ya pili, kisha tunalisahau tukifika fasihi katika karatasi ya tatu. Matokeo yake ni mtahiniwa anayeweza kufafanua sajili lakini asiweze kueleza kwa nini mhusika fulani alinyamaza.

Maneno yale yale, maana nyingine

Chukua neno "mahari". Katika jamii nyingi za bara, mali inayotolewa na upande wa bwana arusi huenda kwa wazazi na ukoo wa bibi arusi. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, wala baba hana ruhusa ya kuyala. Mtahiniwa asiyejua tofauti hii ataandika kwamba mwanamke wa mwambao "ananunuliwa", na atakuwa amemnyang'anya mhusika haki ambayo mila yake mwenyewe inamtambulia.

Chukua pia "somo". Shuleni ni kile kinachofundishwa darasani. Mwambao, somo ni wajina, au rafiki wa siri, au mwanamke anayemfunda mwari. Vilevile, kwa Kigikuyu neno "mama" humtaja mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mama mzazi. Mfano huu mmoja hulifanya darasa licheke, kisha likubali kwamba majina ya ujamaa hayatafsiriki kikasuku. Hapo mwalimu amepata mlango wa kuingilia.

Maksuudi si utamaduni

Suala zito zaidi ni la uhakiki. Maksuudi amemfungia ndani mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna. Uchungu wa uzazi unapomshika Bi Tamima, Biti Kocho anamleta Bi Farashuu amzalishe. Maksuudi anapopata habari, anamtaliki mkewe. Swali la kwanza darasani huwa: "Kwani dini yao inaruhusu hivyo?" Mwalimu asiye na maandalizi hujibu, "Ndiyo mila ya pwani," akaendelea. Jibu hilo ni kosa la uhakiki, tena ni dhuluma kwa mwanafunzi Mwislamu aliyeketi dawati la nyuma akisikia nyumba ya kwao ikihukumiwa kwa matendo ya Maksuudi.

Irudie matini yenyewe. Mtu huyu anayeilinda heshima ya nyumba yake kwa kufuli ndiye anayemwendea Kazija kwa siri. Mwandishi amemchora kama mnafiki, na mnafiki hawezi kuwa kipimo cha desturi anayoivunja. Aidha, mafundisho ya Kiislamu yanataka mke akiachwa, aachwe kwa wema, na yanampa eda. Eda ya mja mzito huendelea hadi ajifungue, na muda huo matunzo yake yako juu ya mume. Darasa likiyajua haya, talaka ya Bi Tamima haionekani tena kuwa mila inayotekelezwa. Inaonekana kuwa mila inayokanyagwa.

Wala tusikimbilie upande wa pili tukautakasa utamaduni. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unathibitisha kwamba mwanamke wa mwambao aliandika na akaheshimiwa kwa kalamu yake. Utendi huo huo unamwusia binti kumtii mumewe. Kweli hizi mbili ziwekwe mezani pamoja, kwa sababu utamaduni wowote una mvutano ndani yake, na fasihi huchipuka katika mvutano huo.

Njia ya kufundishia

Kwanza, kabla ya kila sura, chagua maneno matatu tu yanayobeba desturi. Waulize wanafunzi kwao huitwaje na hufanywaje, ndipo uwaeleze maana ya mwambao. Pili, kila tendo la mhusika lipimwe kwa maswali mawili: Je, desturi inasema nini? Je, mhusika anafanya nini? Tofauti kati ya majibu hayo ndiyo hoja ya insha. Tatu, mpe nafasi mwanafunzi anayeijua desturi aeleze akipenda, lakini usimfanye wakili wa watu wake wote.

Claire Kramsch (1993) anazungumzia "nafasi ya tatu", ambapo mwanafunzi wa lugha haachi utamaduni wake wala hamezwi na ule mgeni. Kwetu nafasi hiyo si nadharia ya mbali, kwa sababu Mkenya huvuka mpaka wa lugha kila siku. Tunachodaiwa ni kumfundisha avuke akiwa macho.

Nawe mtahiniwa, jiepushe na sentensi inayoanza, "Waswahili ni watu ambao..." Andika, "Maksuudi anatumia heshima kama..." kisha uitolee ithibati kutoka riwayani. Mtahini hutafuta ithibati, si hukumu juu ya jamii nzima.

Zoezi: "Maksuudi ni zao la utamaduni wake." Jadili ukweli wa kauli hii ukirejelea riwaya ya Utengano. (alama 20)