Uzito, Bati na Upepo: Jinsi Mafundi wa Eastlands Wanavyoandaa Gari la Kulala kwa Safari ya Sibiloi

Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana, inalinda maeneo ya visukuku vya Koobi Fora ambako Richard Leakey na wenzake walianza utafiti mwaka 1968, na katika kilomita zake za mraba 1,570 hamna kituo cha mafuta wala duka la kutegemewa. Kwa sababu hiyo gari la kulala, yaani gari lililogeuzwa ili lichukue kitanda, jiko na akiba ya maji, hupimwa huko kwa jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni mahali uzito wake ulipokaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Watu wanne wanaotumia lita sita za maji kila mmoja kwa siku, kwa siku sita, huhitaji lita 144, ambazo ni kilo 144, kwa kuwa maji ya ziwa hilo yana chumvi na magadi na hayafai kutegemewa kwa kunywa. Ikichukuliwa kwamba gari litatembea kilomita 700 baada ya kujaza tangi Marsabit, na kwamba kwenye mchanga linakula lita 18 kwa kila kilomita 100, dizeli itakuwa lita 126, yaani kilo 106 hivi. Jumla hiyo ya kilo 250 haijagusa chakula, vyombo wala abiria wenyewe.

Wasafiri wengi hupandisha mitungi kwenye keria, nalo ni kosa, maana kitovu cha uzito hupanda pamoja nayo na gari hulalia upande linapokata ukingo wa laga, yaani mto mkavu. Fundi anayeielewa kazi, awe Kariobangi Light Industries au katika vibanda vya jua kali vya Kamukunji, huko Eastlands jijini Nairobi, huyashusha maji chini ya kitanda, katikati ya ekseli mbili, na juu huacha vitu vyepesi tu kama magodoro na mahema.

Ufundi wa kuunganisha bati ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu. Sanduku la bati la mwanafunzi wa shule ya bweni, ambalo Kamukunji imelitengeneza kwa miaka mingi, hukunjwa kingo zake, zikafumbatana na kugongwa kwa nyundo, kisha pembe zikakazwa kwa ribiti bila moto wowote. Lami inapokwisha na barabara kuanza kuwa na mawimbi, gari hutetemeka saa nzima bila kupumzika, na bati jembamba lililochomelewa hupasuka kando ya mshono, pale joto lilipobadilisha tabia ya chuma, ilhali mkunjo na ribiti hujongea kidogo na kurudi. Fremu ya paipu za mraba yaweza kuchomelewa kwa kuwa ni nene zaidi, lakini inapokutana na chesisi hufungwa kwa bolti zilizowekewa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, mpira uleule wa viatu vya akala, ili chesisi ikipinda isiivute fremu. Inashangaza kidogo kwamba makabati ya kuagiza kutoka nje, yenye bei ya kutisha, mara nyingi hayana uvumilivu huo.

Upepo nao hutawala usiku. Hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya ikaongeza kasi, na ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme ilijengwa karibu na Loiyangalani. Hema la juu ya paa hupigwa hadi alfajiri, hivyo kitanda kilicho ndani ya gari, juu ya maji yaleyale, hushinda.

Kwenye mchanga, hewa ya tairi hupunguzwa kutoka pauni 35 kwa inchi ya mraba hadi 18 hivi ili tairi litandazike, kisha hujazwa tena kwa pampu ya umeme wa betri. Mbinu hizo zote hukoma jangwa la Chalbi, lililo njiani kutoka Marsabit, likinyeshewa, kwa kuwa ganda la chumvi huficha tope laini na gari zito hutangulia kuzama. Hapo dereva husubiri Kalacha au North Horr, kando ya jangwa hilo, hadi ardhi ikauke, hata kama ni siku kadhaa, na akiba ya maji huhesabiwa upya.