Uhakiki wa Viungo Ishara katika Muundo-Mti wa Kumbukumbu za Makazi: Mfano wa Kata ya Majengo, Dodoma

Muundo-mti wa data huipa kila nodi mzazi mmoja. Ngazi za utawala wa miji ya Tanzania huelekea kuukubali muundo huo bila mgogoro: mtaa umo ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa. Postikodi nayo hufuata mantiki iyo hiyo. Tarakimu zake 5 hushuka kutoka kanda hadi kata.

Hata hivyo, mti mmoja hautoshi. Kiwanja cha Majengo ni tawi la mtaa kiutawala, ilhali kumbukumbu za ardhi hukitambua kwa namba ya kiwanja na kitalu. Kukinakili katika miti yote miwili huzaa rekodi pacha: umiliki unapohamishwa, moja inaweza kusahihishwa na nyingine ikabaki na jina la zamani. Kiungo ishara, kilichoenea kupitia toleo la 4.2BSD la Unix mwaka 1983, huondoa tatizo hilo. Rekodi hubaki moja. Mahali pa pili huwekwa njia ya kuifikia tu.

Udhaifu wake ni kwamba hubeba jina la njia, si kitu chenyewe. Mzazi akibadilishwa jina, kiungo huelekeza pasipo kitu. Historia ya Dodoma yaithibitisha hatari hiyo: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kukabidhiwa Manispaa, mwaka 2018 Manispaa ikawa Jiji. Njia iliyojengwa juu ya jina la mamlaka ingevunjika mara mbili. Kutumia jina la kata pekee si suluhisho, kwani Majengo ipo pia Moshi na Mombasa. Wala postikodi haitoshi, maana hubeba ngazi za mzazi ndani yake. Kata ikigawanywa, sehemu mpya huhitaji namba nyingine.

Kwa hiyo, kiungo kinapaswa kuelekeza kwenye kitambulisho cha kudumu kisichotaja mzazi yeyote, huku jina, kata na postikodi vikibaki sifa zinazoweza kubadilika. Gharama yake ni kwamba kitambulisho hicho hakisomeki kwa mwananchi, hivyo njia yenye majina lazima iendelee kuonyeshwa. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya mrithi mwenye hati halali ambaye rekodi yake ipo, lakini njia ya kuifikia haipo.