Pindo Halivutwi

Dakika ya 14 ya somo la Photoshop la Jumamosi mmeiona wenyewe. Fremu ya pindo la kanga, mraba wa pikseli 1580, imekaa juu ya ukurasa wa albamu ya harusi. Chini yake ipo picha ya maharusi, ya kulala, inchi 6 kwa 4. Mkufunzi anaita Free Transform, anashika Shift, anaukamata ukingo wa kulia na kuuvuta mpaka upana ufike 2180. Anabonyeza Enter, anahamia kwenye riboni. Sekunde nne tu, na ukurasa umeharibika. Riboni ile, hata ingekuwa ya hariri, isingeuokoa.

Mvuto ule ni wa 1.38. Pindo la ubavuni lililokuwa na pikseli 150 likafika 207, la juu na la chini yakabaki 150 kama yalivyokuwa. Nakshi za korosho za pindo la juu zikarefuka mithili ya ndizi, za ubavuni zikavimba matumbo. Ua la kona, lililochorwa duara, likawa yai. Tena yai hilo limekaa mahali ambapo jicho hutua kwanza, maana kona ndipo mtu anapopima kama fremu imenyooka.

Msiniambie mkono uliteleza. Tangu toleo la CC 2019, Photoshop hulinda uwiano yenyewe unapovuta picha ya pikseli. Anayetaka kuuvunja hushika Shift. Mkufunzi aliishika. Programu ilimkatalia, naye akailazimisha, mbele ya wanafunzi waliokuja kujifunza namna pindo linavyotengenezwa.

Mengine aliyafanya sawa: ukurasa wa inchi 12 kwa 12 wenye nukta 300 kwa inchi, vivuli vyote vikiangukia upande mmoja, na maunti nyeupe ya kuzungushia picha, iliyokatwa kama karatasi kwenye leya yake badala ya kubandikwa kwa stroki.

Hilo la stroki nimeliandika mara nyingi, na kwa kuwa bado naletewa albamu zenye kosa lile lile, nalirudia. Stroki ya nje huviringisha kona. Weka ya pikseli 40 kuzunguka picha ya mstatili, kisha sogeza jicho karibu: kona nne zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika. Karatasi iliyopita kwenye kisu haina kona ya namna hiyo. Anayeng'ang'ania stroki aiweke ndani, kona zibaki kali, na akubali kwamba inakula ukingo wa picha. La sivyo achore mstatili wake chini ya picha, kama alivyofanya mkufunzi huyu kabla hajafika dakika ya 14.

Turudi kwenye pindo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali lililomshinda lilikwisha kujibiwa, na jibu amelivaa mama yake. Kanga ni mstatili wa karibu sentimita 150 kwa 110. Gawanya: 1.36. Ni uwiano ule ule, kasoro chembe, aliokuwa anahangaika nao kwenye kioo. Wachoraji wa kanga wameufanyia kazi tangu karne ya 19. Nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, yenye chapa ya Mali ya Abdulla, ilianza 1887. Tandika doti kitandani ulitazame pindo linavyokwenda. Mji uko katikati, jina lina nafasi yake, na pindo linazunguka pande nne bila korosho kunenepa huku na kukonda kule. Hata pale mchoraji alipotaka pindo la ubavuni liwe pana zaidi, alilichora upya kwa upana huo.

Nao wapiga picha wa zamani waliofanya kazi hii hawakuwa na Free Transform. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930. Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha picha moja na nyingine kabla yeyote kati yetu hajagusa kompyuta. Ukingo mweupe wa picha za enzi hizo uliamuliwa kabla taa haijawashwa: karatasi ilibanwa, visu vya fremu ya kuchapia vikasogezwa hadi kwenye kipimo, ndipo mwanga ukaruhusiwa. Kosa lilikuwa karatasi iliyotupwa, na karatasi ilikuwa fedha. Kwa hiyo walipima kwanza. Ukiziweka kazi zao kando ya albamu za harusi za mwaka huu, zao ndizo zilizokaa sawa.

Wapo watakaosema mtazamaji wa kawaida haoni. Mtazamaji wa albamu ya harusi ni nani? Ni mama wa bibi harusi, ni mashangazi, ni somo yake, watu waliofunga kanga tangu utotoni. Huenda wasiijue pikseli, lakini korosho iliyopotoka wataiona kabla hawajafika kwenye uso wa bwana harusi.

Sasa hesabu, kwa sababu kosa hili lilikuwa na dawa, na dawa ilikuwa kwenye maunti nyeupe. Picha ina pikseli 1800 kwa 1200. Korosho moja na nafasi yake ni 150. Mkufunzi aliacha weupe wa 40 kila upande, kwa hiyo nafasi ya ndani ya pindo ilipaswa kuwa 1880 kwa 1280. Gawanya kwa 150: 12 na kipande, 8 na kipande. Vipande hivyo ndivyo vilivyomtia majaribuni. Lakini weupe wa maunti haukuandikwa popote kwamba uwe 40! Upanue hadi 75, robo inchi kamili, nafasi ya ndani iwe 1950 kwa 1350. Korosho 13 juu na chini, 9 kila ubavu, hakuna kinachobaki. Fremu nzima inakuwa 2250 kwa 1650, na ukurasa wa 3600 unaibeba bila shida. Robo inchi nyeupe ingempa pia maharusi pumzi. Zile 40 ziliwabana.

Maunti isiyo na nakshi ndiyo inayomeza tofauti. Fundi wa fremu aliyenifundisha kukata kadi alianza na nakshi, akahesabu marudio yake, kisha akaacha weupe ufuate.

Baada ya hapo kazi ni ya mikono tu. Kata kona nne, 150 kwa 150, kila moja kwenye leya yake, usiziguse tena. Kata korosho moja safi, irudie pande zote nne. Wenye Illustrator wana brashi ya ruwaza, ambayo ina vigae vitano: cha ubavu, cha kona ya nje, cha kona ya ndani, cha mwanzo na cha mwisho. Aliyeibuni alijua kona si kipande cha ubavu. Kivuli kiwekwe mara moja kwenye kundi zima la pindo. Ukikiweka kwenye kila korosho, kila kiungo kitaonyesha mstari mweusi.

Na mzitazame zile 13. Ya saba inaangukia katikati kabisa ya upande wa juu, sita kushoto, sita kulia. Zigeuze za kulia kama kwenye kioo ili zote zielekee katikati, na ile ya saba isimamishe wima, ncha ikielekea kwenye picha.